Carmen ya kampuni inayozunguka: niende au nisubiri ije kubwa?

Kiti_cha_Pembeni:

Wakuu habari zenu. Kuna kampuni ya opera inazunguka na Carmen ya Bizet na sasa zamu imefika huku niliko, wanapiga siku mbili mfululizo halafu wanafungasha wanaondoka. Mi opera laivu sijawahi kuona, najua zile nyimbo mbili ambazo hata asiyejua opera anazijua, ule wa Carmen unaoteremka taratibu na ule wa yule jamaa wa mafahali, basi. Tangazo linasema itaimbwa Kifaransa, tafsiri itaonekana kwenye skrini juu ya jukwaa, "pamoja na mazungumzo ya asili", okestra imepunguzwa, na kwaya ya watoto itatoka hapa hapa. Sasa nina rafiki ambaye ndo mtaalamu wetu wa kila kitu, ananiambia opera za kuzunguka ni makombo, seti za turubai, waimbaji wa maana wamebaki kwenye majumba makubwa, na hayo mazungumzo wameyaweka kubana matumizi kwa sababu kuongea ni rahisi kuliko kuimba. Nimebaki njia panda. Hayo mazungumzo ni kitu gani hasa, na mtu akiona toleo lililopunguzwa ameona Carmen au ameona mabaki yake? Pia Kifaransa sijui hata salamu, na naenda na dada yangu ambaye taa zikizimwa tu na yeye anazimika. Naombeni muongozo kabla tiketi hazijaisha.

Mdau_wa_Balkoni:

Karibu sana ndugu. Rafiki yako hapo kwenye mazungumzo kachemka, Carmen ilizaliwa nayo. Ilifunguliwa Paris tarehe 3 Machi 1875 pale Opéra-Comique, na jumba lile ndo lilikuwa na desturi hiyo, watu wanaimba, wanasimama wanaongea kama kwenye tamthilia, wanaimba tena. Bizet mwenyewe akafariki tarehe 3 Juni mwaka huo huo, miezi mitatu kamili, ana miaka 36 tu, watu bado wanabishana kama alichoandika kinafaa kuoneshwa mbele ya familia za watu. Baadaye Vienna wakaitaka na wao wakataka kila neno liimbwe, ikabidi rafiki yake Ernest Guiraud ayageuze mazungumzo yawe ya kuimbwa, ikapigwa huko Oktoba 1875, ingawa Vienna wenyewe walibakiza sehemu ya mazungumzo. Toleo hilo la Guiraud ndo lililosambaa duniani kwa miaka na miaka, kwa hiyo kuna watu wamezeeka na Carmen yao bila kusikia mtu anaongea hata mstari mmoja.

Sasa nikupe sababu ya kushukuru kwamba mazungumzo yapo. Kitendo cha kwanza, mapema tu, tega sikio (au jicho kwenye skrini) pale luteni Zuniga anapopiga stori na koplo Don José. José anamsimulia kwamba yeye ni mtu wa Navarra, kaskazini mwa Hispania, nyumbani walitaka awe mtu wa kanisa, akasomeshwa, lakini yeye mapenzi yake yote yalikuwa kwenye mchezo wa mpira wa ukutani, siku moja kashinda, kijana mmoja akamletea fujo, José akamshinda na huko kwenye fujo pia, matokeo yake ikabidi akimbie kwao na ndo akaishia jeshini. Kinapita haraka, ukipiga chafya kimekupita. Guiraud alikiondoa. Ukikikosa unabaki na kijana mpole wa mama yake ambaye mwanamke mmoja amekuja kumharibu, na ndivyo watu wengi wanavyoihadithia Carmen hadi leo. Ukikisikia unajua kwamba kabla Carmen hajatia mguu jukwaani huyu jamaa ugomvi ulishamfukuzisha kwao. Hapo kisu cha mwisho, José anapomuua Carmen, hakikushtui tena kama ajali, kinakuja kama kitu kilichokuwa njiani muda mrefu.

Ila tahadhari, "mazungumzo ya asili" kwenye tangazo na mazungumzo ya asili jukwaani ni vitu viwili. Kampuni za kuzunguka huwa zinayapunguza sana, waimbaji wengi si wa Ufaransa na kuongea Kifaransa mbele ya watu kunawatesa kuliko kukiimba. Kwa hiyo mi kipande hicho nakitumia kama kipimo, wakikibakiza najua mwongozaji ameisoma kazi.

Kifaransa kisikunyime usingizi. Hadithi yenyewe iko Sevilla, karibu mwaka 1820: koplo ana mchumba wa kijijini, Micaëla, mwanamke wa kiwanda cha sigara, ndo Carmen, anamrushia ua, anapigana na mwenzake kiwandani, koplo anatumwa kumfunga anamwachia, anafungwa yeye, akitoka anamfuata, anaasi jeshi anaingia magendo milimani, mapenzi yanaisha upande mmoja, anakuja mpigana na fahali, Escamillo, na nje ya uwanja wa mafahali José anamuua Carmen. Imekwisha. Maandishi juu ya jukwaa yenyewe yalianza 1983 Toronto tu, kabla ya hapo watu walikaa zaidi ya miaka mia wanasikiliza na kuelewa, au wanaimbiwa kwa lugha nyingine kabisa. London ilipoiona mara ya kwanza, 1878, Minnie Hauk aliiimba Kiitaliano. Na Afrika Kusini waliitengenezea filamu kwa Kixhosa na ikachukua Dubu wa Dhahabu, tuzo kuu ya tamasha la filamu la Berlin, 2005, na muziki ni huu huu wa Bizet.

Fundi_Nyuma_ya_Pazia:

Aliyesema turubai niacheni naye, mi nimebeba seti za kazi hizi kwenye malori, mgongo wangu ni shahidi 😅

Iko hivi. Seti ya jumba kubwa inajengwa kwa jukwaa moja na inakaa pale. Seti ya kuzunguka inajengwa ili iingie asubuhi, isimame kabla ya jioni, ibomolewe usiku ule ule wa mwisho, na kesho kutwa isimame kwenye jukwaa lingine ambalo ni jembamba zaidi, au halina nafasi pembeni, au sakafu yake imeinama kuelekea kwa watazamaji. Kwa hiyo kila kitu ni vipande vya kufungwa na bolti, ukuta mmoja leo ni kiwanda, kitendo cha pili unageuzwa ni baa ya Lillas Pastia, cha tatu unalazwa ni mlima. Wakati mwingine inatoka vizuri kuliko seti za fahari, maana Carmen haihitaji jumba la mfalme, inahitaji mlango wa kiwanda, meza za baa, giza la mlimani na ukuta wa uwanja. Ukumbi kwa ukumbi kitu kinachobadilika sana ni taa. Mnafika mnakuta zilizopo si mlizozipangia, mnahangaika hadi nusu saa kabla ya watu kuingia.

Watoto: wanaotoka hapo mlipo wamefundishwa nyimbo zao wiki kadhaa kabla na mwalimu wa hapo, halafu anatangulia msaidizi wa mwongozaji kuwapanga wapite wapi. Jukwaa halisi na okestra halisi mara nyingi wanaviona siku ile ile. Ndo wale wanaoingia kitendo cha kwanza wakiiga gwaride la walinzi wanaobadilishana zamu. Kama kampuni imeamua kuwaweka kwenye hesabu hiyo ni alama nzuri, wengi wabanaji huanza kwa kuwakata watoto.

Na waimbaji wa maana kubaki majumba makubwa... hapana bwana. Anayeimba Carmen au José usiku wa leo kesho anapumzika, sauti si spika, kwa hiyo siku mbili mfululizo ujue kuna vikosi viwili vya waimbaji wakuu. Wengi ni vijana wanaopanda, wanaimba kama wanadaiwa. Na usifikiri wakubwa hawakuzunguka. Caruso aliimba Don José San Francisco tarehe 17 Aprili 1906, Metropolitan ya New York ikiwa ziarani, Olive Fremstad ndo Carmen, watu wakaenda kulala na furaha zao, alfajiri ya tarehe 18 tetemeko likaja na moto ukafuata, ukumbi ukateketea pamoja na seti na mavazi ya kampuni nzima. Caruso alitoka mzima ila mji ule hakuimba tena maisha yake yote. Kwa hiyo mkilalamika lori limechelewa mi nacheka tu.

Kitu kimoja uangalie uniambie: kitendo cha mwisho Carmen anavua pete aliyopewa na José anamrushia. Kuna ziara pete ilidunda sakafuni ikaviringika ikatumbukia kwenye shimo la okestra katikati ya wapiga fidla, na mmoja akaisukuma kwa mguu chini ya kiti huku anapiga, uso haukubadilika hata kidogo. Kuanzia hapo tulitembea na pete za akiba kwenye boksi la misumari.

Mzee_wa_Rekodi:

Mnampamba mwenzenu, naona mmegeuka madalali wa tiketi. Acha na mimi niseme upande wangu.

Okestra iliyopunguzwa kwenye Carmen sio kitu cha kupita juu juu. Kabla ya kitendo cha tatu kuna kipande cha filimbi na kinubi, dakika chache, hakuna mtu anaimba, pazia hata halijafunguka. Pale ndo utajua umeuziwa nini. Kama kinubi wamekiacha nyumbani na kuna mtu anabofya kinanda cha umeme chenye sauti ya kinubi, mi ningenyanyuka. Haya, kwaya. Kitendo cha kwanza wanawake wa kiwandani wanatoka mbio wamegawanyika makundi mawili, hawa wanasema Carmen ndo kaanza, wale wanasema Manuelita, wanamzonga Zuniga pande zote. Ukiwa na wanawake thelathini hiyo ni ghasia, ukiwa nao wanane ni mabishano ya kwenye foleni. Na gwaride la kuingia uwanjani kitendo cha nne, ambapo umati unataja kila kikosi kinachopita, kampuni nyingi za kuzunguka zinamaliza tatizo kwa kuwapanga watu wachache wakitazama upande wa watazamaji na kunyooshea vidole gwaride ambalo halipo. Ni ujanja wa haki, sikatai, lakini tusiuite utajiri.

La tatu, maikrofoni. Opera inaimbwa koo tupu juu ya okestra. Ukikuta wamewabandika vipaza sauti kwa sababu ukumbi hauna mwangwi, basi unasikiliza fundi mitambo, si mwimbaji. Ulizia kabla ya kulipa.

Angesubiri jumba kubwa, au hata aanze na rekodi nzuri ya video.

Mdau_wa_Balkoni:

Mzee heshima yako, kinubi nakubaliana na wewe asilimia zote, ila kwenye "punguza ni upungufu" tutagombana. Mwongozaji Peter Brook mwaka 1981 pale ukumbi wa Bouffes du Nord Paris aliichukua Carmen akaondoa kwaya yote, akaacha waimbaji wachache na okestra ndogo, akaibana ikawa kama dakika 80, halafu ikazunguka hadi New York. Ilikuwa kali kweli, kwa sababu mifupa ya hii kazi ni watu wawili watatu wamesimama karibu.

Hebu fikiria sehemu zenyewe. Wanawake watatu wanapiga ramli kwa karata kitendo cha tatu, Frasquita na Mercédès wanacheka, mmoja kapata kijana wa kumpeleka milimani, mwingine kapata mzee tajiri atakayekufa amwachie mali, Carmen anageuza zake: uru, shupaza, mauti, anazichanganya tena, mauti. Okestra nzito haihitajiki hapo, kinachohitajika ni uone uso wake. Au kitendo cha pili, Carmen anamchezea José peke yake na zile kastaneti (vibao vya kugonganisha) mkononi, nje tarumbeta zinaanza kuwaita askari warudi kambini, na Bizet kazipanga zikae juu ya wimbo wa Carmen bila kuuvunja, yeye hajazisikia kabisa anaendelea kucheza, José kazisikia. Masikio ya mmoja yako kambini ya mwingine yako kwenye dansi, na hapo hapo chumbani mapenzi yameshaanza kupasuka. Kwenye ukumbi mdogo ile tarumbeta inatoka kwenye korido halisi nyuma ya jukwaa, inakupa baridi. Jumba la watu elfu tatu unaona vichwa kwa mbali.

Mwanakwaya_Alto:

Naomba nichangie kama mwanamke na kama mtu wa sauti ya pili ambaye kwa mara moja kwenye maisha tumepewa opera yetu, maana kwingine sisi ni mama, mchawi au mjakazi. Carmen ni ya mezzosoprano, sauti ya kike ya kati, Célestine Galli-Marié ndo alikuwa wa kwanza na alimsumbua Bizet mpaka akauandika upya wimbo wake wa kuingilia. Huo wimbo, Habanera, msingi wake ni wa Sebastián Iradier, Bizet alidhani ni wa kiasili hauna mwenyewe, alipoambiwa akaweka maelezo kwenye nota zilizochapishwa. Mwimbaji aligoma na wimbo ukawa ule tunaoujua, kwa hiyo mabinti msiogope kusumbua.

Nilichotaka kusema hasa ni mwisho. Siku hizi ziara nyingi mwongozaji anataka kuongeza lake. Florence Januari 2018 Leo Muscato alibadili, Carmen akachukua bastola akampiga José yeye, kwamba haiwezekani tukapigia makofi mauaji ya mwanamke. Siku ya ufunguzi bastola ikagoma kulia, José akaanguka hivyo hivyo. Nia naielewa, namba za wanawake wanaouawa na waliowahi kuwapenda zinauma na hazijabaki 1875. Ila mi naona wamemnyang'anya Carmen kitu chake. Yeye anaambiwa na rafiki zake José yupo kwenye umati ondoka, anabaki. Anamwambia usoni sikupendi tena, huru nilizaliwa huru nitakufa. Umati ndani unashangilia fahali, muziki wa Escamillo unapasuka kwa furaha nyuma ya ukuta, na nje hakuna hata mmoja anayegeuka kuangalia. Ukimpa bastola lile la umati kutogeuka linapotea, na ndilo linalotuhusu sisi tuliokaa kwenye viti.

Halafu mtu akitoka hapo anasema "aliyataka mwenyewe" basi ile stori ya Navarra aliyoitaja Mdau ilimpita. Na hao watu wa Carmen, Waroma (wale wanaoitwa Gypsy, si watu wa mji wa Roma), tuwe wakweli, kina Meilhac na Halévy walioandika maneno waliwachora vile Paris ilivyopenda kuwawaza, wachawi na wezi na wacheza ngoma. Kitabu cha Mérimée cha 1845, ambacho opera imetolewa humo, ni kibaya zaidi kwa hilo. Ziara nzuri inapunguza sketi za marinda na hereni kubwa inawaacha wawe wafanyakazi wa kiwanda na wasafirisha magendo, yaani watu wanaotafuta riziki.

Mzee_wa_Rekodi:

Mwanakwaya hapo umeongea, bastola ni upuuzi. Ila marinda waacheni bwana, mtu katoka nyumbani kuja kuona Sevilla mnamletea suruali za jinzi na mabegi ya mgongoni. Nimeona Carmen za kwenye maegesho ya magari zinatosha.

Mwanakwaya_Alto:

😂 maegesho ya magari hata mi nimeyachoka.

Kiti_cha_Pembeni:

Jamani asanteni sana, sikutegemea. Nimempigia yule wa ofisi ya tiketi nikamuuliza maswali ya Mzee kama yalivyo, akacheka akasema hakuna maikrofoni na kinubi kipo, "kinasafiri kwenye lori lake." Watoto wapo. Urefu karibu saa tatu na mapumziko moja baada ya kitendo cha pili. Kuhusu vikosi viwili ni kweli, majina tofauti kila siku. Sasa nichague siku ipi na nikae wapi? Na makofi yanapigwa saa ngapi, sitaki kuaibika mbele ya dada.

Fundi_Nyuma_ya_Pazia:

Chagua siku ya pili. Siku ya kwanza sisi bado tunaujua ukumbi, taa zinachelewa nusu sekunde, watoto wanatembea wanaangalia miguu yao. Siku ya pili kila mtu kashajua ngazi iko wapi.

Kiti: usikimbilie mstari wa mbele, utavunjika shingo kusoma skrini na okestra itakumeza upande mmoja. Balkoni ya kwanza mbele katikati kama ipo, sauti inapanda vizuri na unasoma bila kupoteza nyuso. Ukikosa hiyo, chini katikati kuelekea nyuma, ila usikae chini ya paa la balkoni, pale sauti inakufa.

Mdau_wa_Balkoni:

Makofi usiogope, Carmen imegawanyika nyimbo nyimbo, ukisikia imefika mwisho na watu wanapiga na wewe piga. Sehemu moja tu jizuie: José akimwimbia Carmen wimbo wa lile ua alilolitunza gerezani, karibu na mwisho anapanda juu kabisa na Bizet kaandika apande kwa sauti ndogo. Wengi wanapiga kelele tu pale kwa sababu ndogo ni ngumu. Akiithubutu ndogo, msubiri amalize mstari wa mwisho taratibu na chodi za chini yake zipite, ndo umpigie mpaka mikono iume.

Dada akianza kusinzia mwamshe kwenye karata.